Neno «sweet» na neno «tamu»: yanapokutana na yanapoachana

Nilipokuwa mwaka wa pili, mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa kazi ya kuandika aya moja kuhusu mlo tunaoupenda nyumbani. Niliandika kuhusu samaki anayepikwa na nkambo wangu, mama mzaa baba. Nkambo ndilo neno letu la Lubumbashi. Katika Kiswahili sanifu tungesema bibi au nyanya. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa hii: «My grandmother's fish is very sweet.» Karatasi iliporudi, neno «sweet» lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu alikuwa ameuliza: «Aliweka sukari?» Alisoma sentensi hiyo mbele ya wote, darasa likacheka. Nami nilicheka, ila moyoni niliona nimeonewa, maana samaki wa nkambo ni mtamu kweli.

Mwaka uliofuata neno hilohilo lilinirudia kwa njia nyingine, na safari hiyo hakuna aliyecheka. Nitaeleza tukio hilo katika sehemu ya tano. Kwanza tulichunguze neno lenyewe, kwa sababu ni miongoni mwa maneno ya Kiingereza tunayofundishwa mapema sana, nasi hudhani tumelimaliza tangu siku ile ya kwanza tulipoandika daftarini: sweet = tamu.

1. Asili ya neno

«Sweet» ni neno la kale la Kiingereza. Lilikuwa likisemwa Uingereza karne nyingi kabla sukari haijafika huko, wakati utamu wa mdomoni ulitoka kwenye asali na matunda. Wataalamu wa historia ya lugha hulirudisha kwenye shina moja la lugha za Kihindi-Kiulaya ambalo limezaa pia maneno mengine tunayoyajua sisi tuliosoma Kifaransa. Kwa upande wa Kilatini shina hilo lilitoa «suavis», ambalo kwa Kifaransa ni «suave», na pia «suadere», ambalo tumelipokea ndani ya «persuader». Kwa upande wa Kigiriki lilitoa neno lililozaa «hédonisme», ile falsafa inayoweka raha mbele. Kwa hiyo kumshawishi mtu, kwa asili ya neno, ni kulifanya jambo liwe tamu kwake. Tangu zamani shina hili lilikuwa na wazo la raha pamoja na ladha.

Neno «sugar» lina njia yake. Liliingia Kiingereza kupitia Kifaransa, na nyuma yake kuna Kiarabu «sukkar», na nyuma zaidi Kisanskriti. Neno letu «sukari» nalo limetoka Kiarabu. Ndiyo maana «sugar», «sucre» na «sukari» ni ndugu wa damu, ilhali «sweet» na «tamu» hayana udugu wowote. Wanafunzi wengi huyaona mawili haya kama pacha, na kosa huanzia hapo.

2. «Sweet» mdomoni: uliza kinyume chake

Kamusi ndogo husema kwamba «sweet» ni ladha kama ya sukari. Ni kweli, lakini haitoshi. Njia niliyoiona inasaidia ni kuuliza kinyume cha neno katika kila mazingira linamotumika. Tuone mifano.

Chai: «sweet tea» ni chai yenye sukari. Kinyume chake ni chai isiyo na sukari.

Divai: «sweet wine» kinyume chake ni «dry wine», kwa neno linalomaanisha kavu. Hakuna ukavu wowote katika chupa. Maana yake ni kwamba sukari ya zabibu imekwisha kugeuka kilevi.

Maziwa: «sweet milk», usemi wa zamani kidogo, ni maziwa yasiyochachuka. Kinyume chake ni «sour». Hapa hakuna sukari iliyoongezwa.

Siagi: «sweet butter» ni siagi isiyotiwa chumvi.

Maji: «sweet water» ni maji yasiyo ya chumvi, ingawa usemi wa kawaida leo ni «fresh water». Kifaransa husema «eau douce», na watu wa pwani ya Afrika Mashariki husema maji matamu au maji baridi.

Pilipili: «sweet pepper» ni ile isiyowasha, tunayoiita poivron sokoni kwetu. Kinyume chake ni «hot», yaani ya moto.

Mafuta ya petroli: hata huko neno limefika. «Sweet crude» ni mafuta ghafi yenye salfa kidogo, chini ya asilimia 0.5, na yenye salfa nyingi huitwa «sour».

Tukiangalia orodha hii tunapata makundi mawili. Katika kundi la kwanza, «sweet» ina maana ya kuwapo kwa kitu, yaani sukari. Katika kundi la pili ina maana ya kutokuwapo kwa kitu kinachokera: chumvi, uchachu, uchungu, mwasho, salfa. Kifaransa kimeyagawa makundi haya kwa maneno mawili, «sucré» kwa la kwanza na «doux» kwa la pili. Kiingereza kinatumia neno moja.

Sasa tazama ni nini hakimo katika orodha. Haimo nyama iliyokolea viungo, hayamo maharage, wala samaki wa nkambo. Ndani ya mdomo, «sweet» ya Kiingereza cha vitabuni haisemi kwamba chakula kimepikwa vizuri. Kwa hilo kuna «tasty», «delicious» au «good» tu. Na tukumbuke kwamba «delicious» tayari limebeba kiwango cha juu, kwa hiyo «very delicious» si usemi wa kawaida; husemwa «really delicious» au «absolutely delicious».

3. Nje ya mdomo

Neno linapotoka mdomoni, lile wazo la kale la raha hurudi kwa nguvu. Sauti inaweza kuwa «sweet», na sisi pia husema sauti tamu. Usingizi, ushindi na kisasi vinaweza kuwa «sweet». «Sweet talk» ni maneno matamu ya kumlainisha mtu ili akubali, na hapo tunakutana tena na ndugu yake «persuader». Katika sehemu hizi Kiingereza na Kiswahili hutembea pamoja.

Zinaachana katika mambo mawili. La kwanza ni harufu. Kiingereza husema ua lina «sweet smell». Sisi husema harufu nzuri, au tunasema ua linanukia. La pili, na hapa tahadhari inahitajika, ni mtu. «Your sister is sweet» ni sifa ya heshima: dada yako ni mpole, ana moyo mwema. Mwambie rafiki yako kwa Kiswahili kwamba dada yake ni mtamu, uone kama urafiki utafika jioni. Mtu mtamu kwa Kiswahili ni habari ya mwili. Vilevile «That's sweet of you» haihitaji neno tamu hata kidogo, ni «Asante, una moyo mzuri.»

Kuna pia maneno ambatani yanayodanganya. «Sweetmeat» si nyama, ni kitu cha sukari kama peremende. Zamani «meat» ilikuwa chakula chochote. «Sweetbread» nayo si mkate. Ni jina la jikoni la tezi ya ndama au ya mwanakondoo, kama vile kongosho. Mwanafunzi anayefasiri orodha ya vyakula vya hoteli na kuandika «mkate mtamu» atamletea mgeni mshangao mkubwa mezani.

4. «Tamu»: raha kwanza, sukari baadaye

Tuligeuzie swali hilohilo neno letu. Kinyume cha tamu ni nini? Kwa dawa ya kienyeji ni chungu. Kwa ndimu ni kali. Lakini kwa mchuzi ni chapwa, yaani usiokolea. Sikiliza sentensi ambayo kila mmoja wetu ameisikia jikoni: «Ongeza chumvi kidogo mchuzi uwe mtamu.» Ni Kiswahili safi. Ifasiri neno kwa neno kwa Kiingereza, utamwambia Mwingereza aongeze chumvi ili mchuzi uwe na sukari.

Sentensi hii moja inatosha kuonyesha tofauti ya msingi. Kiini cha «sweet» mdomoni ni sukari, na raha ni upanuzi wa maana. Kiini cha «tamu» ni raha ya mdomo, na sukari ni mfano mmoja tu wa kitu kinacholeta raha hiyo. Kwa wasomaji wa Kifaransa naweza kufupisha hivi: «sweet» inachukua eneo la «sucré» pamoja na «doux», «tamu» inachukua eneo la «sucré» pamoja na «bon» na «délicieux». Eneo wanalolichangia ni lile la chai yenye sukari, na ndilo eneo ambalo vitabu vya kufundishia huchukua mfano wake wa kwanza.

Kiswahili si peke yake katika jambo hili. Kilingala «elengi» husifu chakula kilichopikwa vizuri, na husifu pia raha nyingine. Kibemba cha majirani zetu kina kitenzi «-lowa» kwa kitu chenye sukari na kwa kitu chenye ladha nzuri. Kinyarwanda kina «kuryoha». Hata mbali na lugha za Kibantu, Kiyoruba cha Nijeria kina kitenzi «dùn» ambacho hufanya kazi zote mbili, na Wanijeria wameupeleka mpangilio huo ndani ya Kiingereza chao: mtu wa Lagos akisema supu ni «sweet», anamsifu mpishi. Kwa hiyo sentensi yangu ya mwaka wa pili isingechekesha mtu Lagos. Sisemi hivyo ili kumlaumu mwalimu wangu. Mtihani wetu hupimwa kwa Kiingereza cha vitabuni, naye alikuwa na haki kunisahihisha. Ninachosema ni kwamba wino mwekundu uliniambia nilikosa bila kuniambia kwa nini, na kosa ambalo sababu yake haikuelezwa hurudi kwa mlango mwingine.

5. Karatasi ya nkambo

Sasa niseme jinsi lilivyorudi. Mwaka uliofuata nkambo alivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kumtembelea shangazi yangu anayefanya biashara Zambia. Akiwa huko aliugua, akapimwa, akakutwa na ugonjwa wa sukari. Alirudi Lubumbashi na dawa, pamoja na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa Kiingereza. Nyumbani aliitwa msomi wa lugha, yaani mimi.

Moja ya mistari ya karatasi ilisema aepuke «sweet foods and sweet drinks». Nilifasiri papo hapo, kwa sauti, mbele ya jamaa wote: «Aache vyakula vitamu na vinywaji vitamu.» Hakuna aliyeuliza swali. Baba alisema masomo hayakupotea bure.

Baada ya majuma kadhaa nilikwenda kumwona nikamkuta amekonda. Alikuwa anakula bukari nyingi na lengalenga iliyochemshwa kwa maji, bila mafuta wala kalanga. Samaki alikuwa ameacha. Maharage alikuwa ameacha. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwa utulivu: «Mujukulu, weye njo ulinisomea karatasi. Ilisema bitamu byote niache. Samaki iko tamu, kalanga iko tamu. Bukari haiko tamu, ni ya kushibisha tu.»

Nkambo hakukosea. Alielewa Kiswahili changu vizuri kabisa, kuliko mimi mwenyewe. Alitii maana ya msingi ya neno tamu katika lugha yake: aliacha kila kilichompa raha mdomoni, akabaki na kile kisicho na ladha. Tena bukari aliyoiona salama ndiyo iliyohitaji kupunguzwa, kwa kuwa wanga wa mahindi na wa muhogo hugeuka sukari mwilini hata kama ulimi hauonji sukari yoyote.

Siku iliyofuata tulikwenda pamoja kwa muuguzi wa mtaa wetu. Yeye hakutumia neno tamu hata mara moja. Alitaja vitu kwa majina: sucré, kama tunavyoita vinywaji vya chupa huku kwetu, asali, biskuti, keki, sukari ya chai. Kisha akaonyesha kwa ngumi yake kiasi cha bukari kwa mlo mmoja. Akamwambia samaki, maharage na mboga vinaruhusiwa. Nkambo alimtazama, kisha akanitazama mimi. Hakusema kitu.

Nimelifikiria sana tukio hilo. Nilikuwa nimekwisha kusahihishwa kuhusu neno hili, lakini nilijifunza kanuni ya upande mmoja: usitumie «sweet» kwa samaki. Sikuona kwamba kosa lina pande mbili. Asiyeweza kusema «sweet» kwa kila kitamu, hawezi pia kusema «tamu» kwa kila kilicho «sweet».

6. Mfano mwingine: muhogo

Msomaji anaweza kudhani hilo ni jambo la familia moja. Basi tuangalie chakula ambacho nchi nzima inakijua. Kiingereza hugawa muhogo katika «sweet cassava» na «bitter cassava», kama Kifaransa kinavyosema «manioc doux» na «manioc amer». Tukitumia njia yetu ya kinyume, tunaona kwamba «sweet» hapa ni ya kundi la pili: inasema juu ya kutokuwapo kwa kitu, na kitu chenyewe ni sumu. Muhogo una viambato vinavyotoa sianidi. Kwa kipimo cha kimataifa cha vyakula, muhogo wa kundi la «sweet» ni ule wenye sianidi chini ya miligramu 50 kwa kila kilo ya muhogo mbichi.

Muhogo mchungu usipolowekwa na kukaushwa vya kutosha unaweza kuleta konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona, hasa kwa watoto na wanawake wenye lishe duni. Jina lenyewe ni la Kiyaka, na ugonjwa ulielezwa kitabibu na Giovanni Trolli mwaka 1938 kutokana na wagonjwa wa Kwango.

Sasa fikiria kijitabu cha kilimo kinachofasiri «sweet cassava» kuwa «muhogo mtamu». Mama mkulima atauliza: mtamu vipi? Unga wa muhogo mchungu uliolowekwa vizuri hutoa bukari ambayo wengi wanaisifu kuwa tamu. Kwa kipimo cha ulimi wake, muhogo ule mchungu ndio mtamu. Tafsiri bora ingetaja matendo: muhogo wa kuchemsha na kula, na muhogo ambao lazima ulowekwe kwanza.

7. Kwetu tunaofundisha na kufasiri

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, daftari la msamiati lisiandike tena «sweet = tamu» peke yake; liandike neno pamoja na nomino yake na kinyume chake: «sweet tea» na kinyume chake, «sweet pepper» na kinyume chake. Pili, katika maandishi ya afya na kilimo tutaje vitu kwa majina yao. Hata «vyenye sukari» haikutosha kwa nkambo, kwa sababu bukari isingeonekana humo. Tatu, kila tukimaliza kufasiri maelekezo, tumwombe msikilizaji aseme kwa maneno yake atafanya nini. Kama ningemuuliza nkambo jioni ile, «Basi kesho utakula nini?», angenijibu, nami ningejua kosa langu kabla ya chakula cha mchana.

Mazoezi. Majibu ya manne ya kwanza yamefuata hapo chini.

a) Fasiri kwa Kiingereza: Sombe ya leo ni tamu kweli.
b) Fasiri kwa Kiingereza: Chai hii ni tamu mno.
c) Fasiri kwa Kiswahili: «It was sweet of you to visit my mother.»
d) Fasiri kwa Kiswahili: «We need sweet peppers, not hot ones.»
e) Fasiri kwa Kiswahili, kwa ajili ya mzee mmoja unayemjua kwa jina: «Avoid sweet foods and sweet drinks.»

Majibu: a) «Today's sombe is really tasty», «sweet» hapana. b) «This tea is too sweet», hapa «mno» hutuelekeza kwenye sukari, kwa kuwa ni nadra kulalamikia raha iliyozidi. c) Ulifanya jambo jema sana kumtembelea mama yangu. d) Tunahitaji pilipili zisizowasha, si zile kali. Jibu la e) halimo hapa, kwa sababu linategemea mzee huyo hula nini. Kamuulize kabla ya kuandika.